Senene Mmoja, Nafasi Moja

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani za juzijuzi tu, wakati intaneti ya Bukoba ilipokuwa ikiingia na kutoka kama mgeni asiyeaga, palikuwa na vijana watatu katika studio ya Ma Joanitha. Ilikuwa studio ya video za harusi na kipaimara. Kazi za watu zikiisha, vijana hao walibaki kutengeneza katuni yao wenyewe.

Wa kwanza aliitwa Adventina, naye alikuwa msomaji. Palikuwa na tovuti moja ya wahariri wa filamu na wachoraji wa katuni za kompyuta. Humo mlikuwa na habari za programu mpya, masomo ya bure, mashindano, na watu wa dunia nzima wakiulizana na kujibizana. Adventina aliisoma kabla ya chai, akaisoma baada ya chai, na chai yenyewe mara nyingi aliisahau ikapoa.

Wa pili aliitwa Projestus, naye alikuwa mchoraji. Alichora kwenye kompyuta, picha juu ya picha, mpaka picha zikaamka zikatembea.

Wa tatu aliitwa Kokushubira, ila wote walimwita Koku. Huyu alikuwa mkataji. Ndiye aliyehariri video za harusi, na mtu aliyezoea kukata hotuba ya mjomba wa bibi harusi haogopi kukata kitu chochote duniani.

Katuni yao ilimhusu senene, yule panzi wa kuliwa, aitwaye Sinaharaka. Msimu umefika, taa za kuwategea zinawaka mji mzima, senene wenzake wanazikimbilia. Sinaharaka peke yake amekaa juu ya jani la mgomba, anawaza: mbona wanaokwenda kwenye mwanga hawarudi kusimulia?

Basi Projestus akachora, na senene akaruka. Lo! Aliruka kama gunia linalotupwa kutoka kwenye lori.

"Huyu ni mdudu au ni mzigo?" Koku akauliza.

"Nyamaza, mpasua harusi wewe."

Lakini Projestus naye aliliona. Akafuta, akachora, gunia. Akafuta, akachora, gunia.

Adventina akaingia kwenye tovuti yake. Akasoma, akapita, akasoma, akapita, mpaka akalikuta somo la mwalimu mmoja wa mbali, maneno yake magumu kama kokoto. Akalifasiri sentensi kwa sentensi.

"Proje, sikia! Kabla ya kuruka, mwili hushuka. Anayetaka kwenda juu huanzia chini. Hivi!"

Akachuchumaa katikati ya studio, akajikunja, akaruka, sketi na yote. Bwana harusi mmoja aliyekuja kuchukua picha zake akasimama mlangoni, akatazama, akageuka, akaondoka taratibu.

Projestus akachora upya. Senene akashuka, akajikunja, akaruka. Akawa hai.

Adventina amesoma, Projestus amechora. Bado Koku.

Katuni ilianza na jua likichomoza ziwani. Projestus alilichora jua hilo masika yote, wimbi kwa wimbi, kila wimbi na mng'ao wake. Wakaenda kuwaonyesha watoto wa mafundisho ya Jumapili kwenye ukumbi wa kanisa. Jua likachomoza. Likachomoza. Likaendelea kuchomoza. Mtoto mmoja akaomba maji. Wa pili akaomba kumsindikiza wa kwanza. Wengine hawakuomba, walitoka tu. Senene alipotokea, ukumbini alikuwa amebaki katekista, naye amesinzia.

Koku akaketi, akakata jua. Lote! Katuni ikaanza na jicho la senene likifumbuka, pa! Jumapili iliyofuata watoto walishangilia mpaka katekista akaamka.

Projestus hakushangilia.

"Koku, umenichinja."

"Nimekata jua, kaka. Wewe si huyo hapo, mzima?"

"Masika yote, Koku! Masika yote nachora mawimbi!"

"Na watoto wangekaa masika yote wakiyatazama?"

Projestus akachomoa diski yenye picha zake zote, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaenda nayo kwao Kashai. Hakuaga.

Sasa, Adventina alikuwa ameisoma habari moja kwenye tovuti yake. Ng'ambo ya ziwa palikuwa na tamasha la katuni, na mshindi angepewa nafasi ya kwenda kusomea kazi hiyo mwaka mzima, chakula na malazi juu ya wenyeji. Nafasi ni moja. Bukoba nzima hakuna mwingine aliyeiona habari hiyo. Adventina akajaza fomu. Alipofika penye jina la mtengenezaji, kalamu ya moyo ikamgoma: akimtaja mmoja, wawili watanuna. Akaandika: Sinaharaka. Koku naye akapakia faili, wakatuma, wakapumua.

Siku ya mwisho ya kupokea kazi, kabla ya adhuhuri, ukaja ujumbe: "Tumefungua katuni yenu. Hatuoni picha. Tunaona kiza."

Koku akashika kichwa kwa mikono miwili.

Mnaohariri mmeshajua, na msiohariri nitawaambia. Mhariri anapokata, kompyuta huandika maelekezo tu: kata hapa, unga pale. Picha zenyewe hukaa kwenye diski. Ili ipatikane filamu ya kumtumia mtu, sharti vyote viwili viunganishwe vitolewe kuwa kimoja. Koku, kwa haraka yake, alituma maelekezo matupu. Ni sawa na kuwapelekea wakwe kadi ya mwaliko, pilau ukaiacha jikoni.

"Itoe upya basi!" Adventina akasema.

"Kwa picha zipi? Diski iko Kashai, na mwenye diski hapokei simu yangu."

Adventina akapiga ya kwake.

"Proje, ni mimi."

"Mwambie huyo achore za kwake."

"Proje, jioni hii wanafunga."

"Jua limo?" Projestus akauliza.

"Halimo."

"Nakuja."

Akaja kwa bodaboda, diski kaikumbatia kama mtoto mchanga. Hakumsalimu Koku. Akaichomeka, akasogea pembeni. Koku akaunga, kompyuta ikaanza kuitoa filamu, ikafika katikati, ikazima. Wakawasha, ikafika katikati, ikazima. Adventina akakimbilia tovuti yake, akatafuta waliowahi kuteseka hivyo, akapata jibu: "Itoe vipande vipande, kisha viunge." Koku akatoa kipande, akatoa kipande, akaunga. Wakatuma intaneti ikiwa tayari imeshika kitasa inataka kuondoka. Ikafika.

Na ikashinda.

"Mpendwa Sinaharaka," ujumbe ulisema, "hongera sana. Jiandae kuvuka ziwa. Usisahau pasipoti yako."

Walicheka mpaka Koku akateleza kutoka kitini. Ma Joanitha alicheka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha simu ya Ma Joanitha ikaita, wenyeji wa tamasha wenyewe, nao hawakucheka: "Tupeni leo jina la mtu, mtu mmoja. Likikosekana, nafasi inakwenda kwa mshindi wa pili."

Kicheko kikakauka.

Adventina akaanza. "Mashindano aliyaona nani? Mimi. Gunia lilipogoma kuruka, dawa ilitoka wapi? Kompyuta ilipozima, jibu lilitoka wapi? Mngekuwa hapa mnakata keki za watu hadi leo, hamjui kama tamasha lipo."

"Kweli umesoma," Koku akasema, "na Proje kweli kachora, na watoto kweli walitoka nje! Mlikuwa na picha nzuri, hamkuwa na katuni. Aliyewarudisha watoto vitini ni mimi. Bila mkasi wangu jua lingekuwa linachomoza mpaka sasa hivi."

"Ndiye huyo huyo aliyetuma kiza," Projestus akanung'unika.

"Na nani alitoroka na diski?"

"Na nani alimjazia mdudu fomu?"

"Jamani, mimi nilikuwa nawaonea huruma!" Adventina akalia.

Projestus akainuka. Yeye si msemaji, alisema akitazama sakafu. "Habari husomwa na yeyote mwenye bando. Mkasi hushikwa na yeyote mwenye kidole. Ondoeni nilichochora, halafu someni, halafu kateni. Mtakata nini? Na siku ile niliileta diski nikijua kazi yangu niipendayo kuliko zote haimo. Ningeweza kulala."

Wote watatu wakamgeukia Ma Joanitha.

"Msinitazame hivyo, wanangu," akasema. "Mimi nimezoea harusi. Kule bibi harusi anajulikana kwa shela."

Lakini simu iko mkononi mwake, na ng'ambo ya ziwa wanangoja. Ameshaandika, "Atakayekuja ni". Mmoja atavuka akajifunze. Wawili watarudi kwenye hotuba za wajomba.

Enyi mliokaa hapa mkanisikiliza, msiangalie pembeni. Aliyeiona njia, aliyeumba uhai, na aliyekata mpaka watu wakakaa: je, Ma Joanitha aandike jina la nani?