Fisi Akabidhiwa Kichuguu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa nyumba, na walalao ndani!

Basi sogeeni, wala msilale kabla ya Fisi.

Hapo kale, kwenye mbuga iliyokauka, palikuwa na kichuguu kikubwa chenye vyumba. Muhanga, yule mchimba mashimo, alikichimba, akahama zake, nyumba ikabaki mikononi mwa Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu. Sange alifagia njia, fya fya fya. Sange alipangisha vyumba. Kodi? Kila mtu alitoa alichoweza. Mchwa walikandika kuta. Kobe alishindilia sakafu, ti ti ti. Nyenje aliimba, nyeee, nyeee, hata joto lenyewe likasinzia mlangoni. Aliyeingia humo hakujua kama yu macho au anaota.

Siku moja akaja Fisi.

"Muhanga alikuwa mjomba wangu," akasema. "Nyumba ni yangu. Leo jioni wote mmehama. Nataka wapangaji wakubwa, wanaolipa kwa nyama."

Sange akatazama ndani, akatazama juu. Mama Panya, mmoja wa wapangaji, alikuwa amejifungua, watoto hawajafumbua macho, na juu angani Kipanga alikuwa akizunguka, akizunguka. Kutoka nje ilikuwa ni kufa.

"Hewala, bwana mkubwa," akasema Sange. "Ila nyumba haipokelewi mlangoni. Ingia nikukabidhi."

Fisi akaingia. Chumba cha kwanza kina ubaridi.

"Kizuri hiki?"

"Kizuri."

"Mbele kuna kizuri zaidi."

Chumba cha pili kina ubaridi na giza.

"Kizuri hiki?"

"Kizuri mno."

"Mbele kuna kizuri zaidi."

Chumba cha mwisho kina ubaridi na giza na mchanga laini. Nyenje akaimba, nyeee, nyeee. Fisi akapiga mwayo. "Ngoja nikipime kwa mgongo," akasema, akajilaza. Akaota nyama inakuja kwa miguu yake, inabisha hodi.

Sange akapenya kitundu chake, akatoka. Mchwa wakaja na udongo wao, wakakandika mlango wa chumba kile, wakakandika, mpaka ukakauka.

Fisi alipoamka, mlango hakuna. Akakwaruza, kwaru kwaru kwaru. Kucha zikamuuma.

"We Sange! Mlango uko wapi?"

"Umezibika, bwana," Sange akajibu kitunduni. "Hapo panataka fundi."

"Waite mafundi."

"Mafundi ndio wapangaji, bwana. Umewafukuza. Wanafunga mizigo."

Fisi akakwaruza tena, kwaru kwaru, ukuta haukutikisika.

"Wasihame," Fisi akasema polepole.

"Mpaka lini?"

"Mpaka kichuguu kianguke. Naapa kwa mfupa."

Na fisi akiapa kwa mfupa, harudi nyuma. Mchwa wakatoboa mlango, Fisi akatoka akichechemea, akaenda zake.

Tangu hapo, kila jioni wapangaji hukandika. Ufa ukichungulia tu, wameuziba, maana kiapo kitaishi kadiri ukuta utakavyoishi. Watoto wa Panya wakakua, wakapanga vyumba vyao. Fisi hupita kila siku, akauliza kwa mbali, "Hakijaanguka tu?"

"Bado, bwana."

Funzo lake, wanangu: mheshimuni mwenye nyumba. Msimbishie hata neno moja. Akija, mpelekeni chumba cha mwisho, mtandikieni, mwimbieni alale.

Hadithi yangu nimeifunga mlango. Anayeitaka abishe hodi.