Ufunguo wa Nyumba Nzima

"Ufunguo wa nyumba nzima si wa kufungulia kabati la vikombe," nilimwambia Lusajo. Asubuhi alichukua nywila ya msimamizi mkuu ili aongeze diski kwenye seva, na hadi alasiri alikuwa bado kwenye akaunti kuu, akibadilisha jina la faili moja. Kanda ya zamani ya sauti ilikuwa ikizunguka kwenye mashine, tunangoja inakiliwe. Mwenzetu Ambwene akauliza msemo huo umetoka wapi.

Haukutoka mbali. Ulianzia kwenye meza hii.

Miaka kumi na miwili iliyopita tulikuwa na seva mbili: moja ya majaribio, nyingine ya kazi, yenye sauti za wazee wa Tukuyu tulizozinakili kutoka kwenye kanda. Kila mtu alikuwa na akaunti ndogo isiyoweza kufuta vitu vya wenzake. Akaunti ya msimamizi iliweza yote, wala haikuuliza kama una hakika. Mimi nilijifundisha kazi hii vitabuni, nikaipenda akaunti isiyonikatalia. Nilishinda humo kutwa.

Mtunza funguo wetu, Mzee Gwakisa, aliuweka ufunguo wa milango na makabati yote ndani ya bahasha. Ukiutaka, unaandika jina na sababu. Siku moja nilisahau ufunguo wa kabati la vikombe, nikamwomba ule mkuu.

"Wa nyumba nzima? Kwa kikombe?" akasema. "Utausahau kwenye sinia, mwanangu, nyumba ibaki wazi. Leo kunywa kwa kiganja."

Nilicheka, nikarudi mezani bila chai. Madirisha mawili yalikuwa wazi kwenye kompyuta, yamefanana, na kote nilikuwa msimamizi. Nikaamuru folda ya sauti ya majaribio ifutwe. Kumbe nilikuwa kwenye seva ya kazi. Sauti mia sita zilikwenda, pamoja na nakala za akiba nilizoziunganisha humo humo.

Mchana akaja Mama Tusajigwe. Mama yake, Bibi Subilaga, mkunga, alikuwa amezikwa wiki ile, naye alitaka kumsikia kwenye sauti tulizonakili. Nikamweleza ukweli.

"Kanda yenyewe ipo?" akauliza.

"Ipo, mama. Ila imeota ukungu."

Akakaa chini. Mzee Gwakisa alikuwa mlangoni.

"Ulikuwa unafungua nini?" akaniuliza.

"Kabati la vikombe, mzee."

Hakucheka. Alisema maneno yale niliyomwambia Lusajo, kisha akaniletea bahasha ya pili, tupu, niweke nywila.

Tuliisafisha kanda ile kwa pamba. Ilitoa dakika kumi na nne kati ya arobaini. Mama Tusajigwe alizisikiliza zote, akauliza upande wa pili wa kanda.

Hapo Ambwene akaitazama kanda kwenye mashine. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii. Huo upande wa pili nimeuogopa miaka yote."

Kanda ikakwaruza, ikasimama. Ukungu tena. Niliitoa taratibu, nikaifunika kwa kitambaa. "Pamba imekwisha," nikasema, "kesho tutanunua nyingine."

Lusajo alikuwa amekwisha kutoka kwenye akaunti kuu na kuingia kwa jina lake. Alirudisha karatasi ya nywila ndani ya bahasha, akaandika saa.

"Ufunguo wa nyumba nzima," alisema, akilamba gundi ya bahasha, "si wa kufungulia kabati la vikombe."