Fundi Shekuwe na Watoto Wake wa Bandia

Sultani Ghalib bin Nasibu alitawala mji wa Rahatani, mji wa kuta nyeupe na milango ya nakshi na vichochoro vilivyonukia udi tangu asubuhi, na atakayesema mji huo haukuwapo na alete wake tuulinganishe, tuone nani atarudi kwao amejifunika uso. Na katika mji huo walikuwamo wafua dhahabu na wafuma hariri na maulamaa wenye vilemba vikubwa kuliko akili, na wote hao siwataki leo, maana hekaya zao ni za kulalia. Leo nakupa fundi mmoja wa makubadhi, jina lake Shekuwe bin Habshi, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye vidole vyembamba na mdomo mpana, asiye na mke wala mtoto wa kuzaa, ila alikuwa na watoto wa bandia mia moja na arobaini.

Cheka, cheka tu. Na watu wa Rahatani walicheka, na meno yao hayakumng'ata.

Nyumba yake ilikuwa na ukuta mrefu wenye zidaka, vile vishubaka vya chokaa ambavyo wenye heshima zao hupangia sahani za kaure, na Shekuwe katika kila kidaka aliketisha mwanasesere. Walikuwamo wa kale: wa gunzi la hindi mwenye nywele za ndevu za hindi, na wa udongo aliyefukuliwa katika magofu, na wa mpingo asiye na uso, na wa pembe ya ndovu aliyechezewa na binti wa mfalme mmoja ambaye hata ufalme wake umesahaulika. Na walikuwamo wa kileo, waliotoka juzi kwa mafundi wa miji ya mbali: wenye macho ya kioo yanayofumba ukiwalaza, na mmoja mwenye mtambo tumboni, ukimtia ufunguo anainamisha kichwa na kukuamkia kwa adabu kuliko jirani yako. Na kila mmoja Shekuwe alimshonea makubadhi ya saizi yake, ya ngozi laini na uzi mwekundu. Hata yule wa gunzi, ambaye hana miguu, aliwekewa jozi yake mbele, kama mtu aliyevua akaingia msikitini.

Na raha yake usiikisie kama hujawahi kukusanya kitu. Akiletewa mwanasesere mchafu aliyetupwa nyuma ya kinu, alimpakata, akampangusa kwa kitambaa na mafuta ya nazi, polepole, hata rangi ya shavu ikachomoza chini ya masizi kama alfajiri, na hapo moyo wake ulipiga chapuo. Kisha alimgeuza na kumsoma: hapa pua imelika kwa busu, hapa mguu umeshonwa na mkono usiojua kushona, hapa nywele zimekatwa na mtoto aliyedhani zitaota tena. Alisema, "Huyu alipendwa," na siku nzima alikuwa akipiga mluzi.

Aliyemletea wengi wao alikuwa mchuuzi, Salhina binti Mwenyewe, aliyezunguka mji na kikapu kichwani akinunua vikuukuu majumbani na vipya bandarini, naye malipo yake yalikuwa jozi ya makubadhi kwa kila mwanasesere.

"Hodi! Nimekuletea kioja."

"Kioja nakiona, kimebeba kikapu."

"Mdomo huo ndio uliokukosesha mke, Shekuwe."

"Na miguu hiyo ndiyo iliyokukosesha mume, haitulii. Haya, toa."

Akatoa mwanasesere wa vitambaa, wa kale, uso umetariziwa kwa hariri ya bluu, mkono mmoja hana. "Wamemlea mabinti wanne na wajukuu saba, na bibi yao amelia kunipa."

"Mbaya huyu. Hana mkono."

"Na wewe huna haya, mmelingana. Nipe makubadhi yangu."

Basi ndivyo walivyokuwa, kila wiki, na majirani waliinua mapazia kusikiliza.

Ikawa mfanyabiashara mmoja mgeni alimwuzia Sultani Ghalib yakuti nyekundu kubwa kama yai la njiwa, na Sultani akaitia kilembani na akaketi barazani katika jua la adhuhuri ili watu waione, na watu wakaiona, na nyuki pia wakaiona. Maana haikuwa yakuti, ilikuwa sukari iliyopikwa ikatiwa rangi, na ikayeyuka na ikateremka katika paji la uso la Maulana na ikaingia nyusini, na nyuki wakaifuata huko huko. Sultani alipofutwa na kupakwa dawa, akatoa amri, na pembe ikapigwa mji mzima:

"Sikieni, enyi watu wa Rahatani! Kila kitu cha bandia, kikubwa na kidogo, kitiwe moto uwanjani Ijumaa baada ya sala, na atakayeficha asimlaumu mtu!"

Watu wakatoa vikuku vya shaba vilivyopakwa dhahabu, na ambari ya nta, na miski ya masizi. Na siku ya Jumatano Jemadari Hamduni, mkuu wa askari, mtu aliyetii amri neno kwa neno na herufi kwa herufi, akabisha kwa Shekuwe.

"Fundi, tumesikia unao watoto wa bandia."

Sasa hapo mwenye akili zake angesema, "Watoto gani, bwana?" Lakini Shekuwe alikuwa hajaulizwa habari za watoto wake kwa heshima hivyo tangu azaliwe, na kifua kikamfura.

"Mia moja na arobaini! Na atakayekwambia kuna anayenizidi kutoka hapa hadi Uajemi, mwongo huyo, mlete nimzabe!"

"Mia na arobaini," akasema jemadari, "na wote wa bandia?"

"Wote! Hakuna hata mmoja asiye wa bandia!"

"Ahsante, fundi. Umenipunguzia kazi." Na akaweka askari wawili mlangoni, asitolewe mwanasesere hata mmoja, na akamwambia Ijumaa watakuja na mkokoteni.

Shekuwe akaketi chini, na akawahesabu wanawe mmoja mmoja. Salhina alipofika na kikapu na akaelezwa, hakumhurumia hata kidogo.

"Ukiulizwa jambo na mwenye upanga hujui kufunga bakuli? Mia na arobaini! Si ungemsomea na majina yao?"

"Aliniuliza vizuri."

"Na mchinjaji humshika mbuzi vizuri. Inuka. Vaa kanzu isiyo na gundi, twende kwa Sultani."

Wakaenda, na wakaingia barazani, na Sultani alikuwa ameketi na uvimbe mmoja bado kwenye nyusi, na kuliani kwake Waziri Nofli mwenye ndevu nyeusi ndefu zilizosifiwa hata nchi za jirani. Shekuwe akapiga magoti na akasema:

"Ewe Maulana, mwenye kiti na mji, Mungu akuzidishie umri na akuondolee nyuki. Amri yako ni juu ya vichwa vyetu. Lakini nina wanangu mia na arobaini ambao ulimi wa watu umewaita wa bandia, na wao hawajamwibia mtu wala hawajamdanganya mtu. Wako waliokwisha kuwafariji watoto miaka mia kabla yetu. Nakusihi usiwahukumu kwa jina walilopewa. Mwite jini wa pete yako awatazame, na akisema wao ni waongo, nitawasha moto mwenyewe kwa mkono wangu."

Na hapo akalia, na watu barazani waliokuwa wakitabasamu wakaacha.

Maana Sultani alikuwa na pete ya babu yake, na ndani yake alifungwa jini Kashifu, ambaye alinusa kila cha uongo na ulimi wake haukuweza kudanganya hata kwa mzaha. Utaniuliza: mbona hakumwita kabla ya kununua ile yakuti? Swali zuri. Ila mara ya mwisho alipomwita, jini alimwambia mbele ya wake zake wote kwamba zile kaswida zake alizotunga usiku kucha amemwibia marehemu mjomba wake. Tangu siku hiyo pete ilikaa kidoleni kimya.

Waziri Nofli akadakia upesi: "Maulana, jini wa nini kwa vijidoli? Vichomwe, tukale."

Lakini Sultani alimtazama yule fundi anayelia, na akaisugua pete, na moshi wa kijani ukatoka na ukasimama na ukawa jini, mrefu hata akainama chini ya dari, pua yake kama mkonga.

"Labeka, ewe bwana wangu! Nikunusie nini? Nianze na hizi ndevu za mbuzi alizobandika waziri?"

Baraza zima likageuka. Waziri akashika kidevu, na ndevu zikabaki mkononi.

"Baadaye," akasema Sultani, akiuma midomo asicheke. Kisha akamwambia Shekuwe, "Naapa mbele ya watu hawa: tutakwenda kwako. Na kikionekana cha bandia hata kimoja ndani ya nyumba ile, kitateketea bila huruma, nawe utahama nyumba hiyo siku hiyo hiyo."

Wakaenda, Sultani na jini na jemadari na nusu ya mji nyuma yao. Jini akajikunja akapita mlangoni, na akaanza kidaka kwa kidaka, pua mbele, na Shekuwe alimfuata amekamata kikapu cha Salhina kwa nguvu hata kikalia. Jini akamnusa wa udongo. Akamnusa wa pembe. Akamtia ufunguo yule mwenye mtambo, naye akamwamkia, na jini akaitikia salamu. Na Sultani, aliyekuja na uso wa hukumu, akaona yale makubadhi mbele ya gunzi, akauliza ni ya nani, akaambiwa, na akacheka hata kilemba kikamwendea upande. Kisha akamchukua yule wa vitambaa asiye na mkono, na akasahau kumrudisha.

Mwisho jini akainuka.

"Bwana wangu, yakuti ile ilikuwa ya bandia kwa kuwa ilisema, 'Mimi ni yakuti.' Gunzi hili halijasema kitu. Mtoto aliyelibeba mgongoni alijua ni gunzi, na akalipenda, na mapenzi yale yalikuwa ya kweli, bado nayanusa. Wa kale na wa leo, mia moja na arobaini, hakuna mwongo hata mmoja kati yao. Mmewabandika jina baya tu."

Watu wakapiga vigelegele, na Shekuwe akawa anamkumbatia jemadari bila kujijua. Lakini jini akainua kidole.

"Ngojeni. Humu ndani mna kitu cha bandia. Nakinusa tangu mlangoni, tena kikubwa."

Sultani akasema kwa huzuni ya kweli, "Nimeapa, Kashifu. Kionyeshe."

Na jini akamwelekeza kidole Shekuwe, kisha Salhina.

"Ugomvi wa hawa wawili. Ugomvi huo wote ni wa bandia, hauna hata uzi mmoja wa kweli. Mwanamke huyu hupita milango ya matajiri saba wenye fedha taslimu, akaja hapa kupewa makubadhi, na kwake anazo jozi mia na kitu, na miguu yake ni miwili. Na mwanamume huyu kila akiletewa kitu husema ni kibaya, ili abishane naye zaidi asiondoke mapema."

Salhina akafunika uso kwa ukaya. Shekuwe akatazama dari, na dari haikumsaidia. Na nje, jirani mmoja mwanamke akasema kwa sauti, "Sisi tulijua!"

Sultani Ghalib akajikohoza, na akasimama wima, mwanasesere kwapani.

"Kiapo ni kiapo. Cha bandia kimeonekana, basi kiteketezwe: ugomvi huu ufe leo kabla ya alasiri, na kadhi aitwe. Na wewe, fundi, utahama nyumba hii kama nilivyoapa, maana ada yetu bwana arusi huhamia kwa mkewe. Ila mwenye neno ni Bi Salhina. Unasemaje, binti?"

"Maulana, mahari kwanza."

"Jozi ya makubadhi," akasema Shekuwe upesi.

"Wee! Nikayaweke wapi? Nataka ukiri mbele ya hadhara hii kwamba yule asiye na mkono ni mzuri."

"Ni mzuri," akasema Shekuwe, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni mzuri tangu alipotoka kikapuni. Nilijua siku ile."

"Basi nimekubali," akasema Salhina, na jini akanusa hewa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na akarudi petini bila kuambiwa.

Wakaozwa, na Shekuwe akahamia kwa mkewe, na ile nyumba ya zidaka Sultani akaiongezea kuta tatu na akaifanya Nyumba ya Wanasesere, na akaharamisha katika Rahatani yote kuwaita wa bandia. Na kila msafara uliotoka mjini uliagizwa urudi na mwanasesere mmoja, wa kale au wa jana, na Shekuwe na Salhina wakapewa kanzu za hariri na mshahara wa heshima na kazi ya kushonea makubadhi jumba zima. Na mabibi waliokuwa wakicheka mapaziani wakafungua makasha yao na wakatoa wanasesere waliowaficha miaka arobaini, na wakaja nao wamewafunga kangani, wakisema wamekuja kutazama tu. Hata Waziri Nofli alileta mmoja, kidevu kitupu, na alikuwa na sura nzuri kuliko zamani. Na kila Alhamisi asubuhi Sultani alikuja bila ngoma wala walinzi, akavua viatu, na akakaa sakafuni.

Na mafunzo yake, kwa wewe uliyekuwa ukicheka kule mwanzo: mwenye kupenda kitu na akipende mchana kweupe, kwa jina lake na kwa sauti yake, kwani kinachochekwa si lazima kiwe cha uongo, na kinachosifiwa kilembani huenda kikafuatwa na nyuki. Na mimi ulimi umenichoka kwa utamu, si kwa maneno; aliyefurahi na amsimulie mwenziwe, aliyenuna na atunge yake, tuje tusikilize.