Kwa Nini Mtemi wa Busindo Huketi Barazani na Maji Mdomoni

Kabla ya babu wa babu yangu kuzaliwa, Mtemi wa Busindo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema barazani. Aliingia, akaketi, akasema lililokuwa moyoni mwake, kisha ngoma ikapigwa mara moja. Baada ya ngoma hiyo mawaziri nao walizungumza, lakini walizungumzia namna ya kulitekeleza lile neno tu. Neno lenyewe hakuna aliyeligusa. Hapakuwa na sheria iliyowakataza. Ndivyo ilivyokuwa, na jambo likikaa muda mrefu watu huliona kama jua na mvua, halina aliyelianzisha.

Mawaziri walikuwa watano: wa vita, wa ghala, wa mashauri, wa mito na wa mifugo. Waliketi kwenye vigoda kwa mpangilio huo, mkubwa wao karibu na Mtemi, mdogo karibu na mlango. Wa vita aliitwa Shigela, mzee aliyewahi kuwatumikia watemi wawili. Wa mito alikuwa mwanamke, Kalunde binti Nkwabi, na kazi hiyo aliipokea kwa mama yake. Ilimpasa aujue mto Nkenda kama mtu anavyomjua ng'ombe wake wa maziwa: unajaa lini, unavukika wapi, samaki wanataga mwezi gani. Aliyekaa mlangoni ni Maganga, waziri wa mifugo, mtu mzima mwenye wake wawili, ila alikuwa ameteuliwa mwaka huohuo na bado alikuwa akikohoa kabla ya kusema.

Mtemi wa siku hizo aliitwa Lusangija. Msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. Penye msiba alifika wa kwanza, na penye mavuno alishika jembe kama wengine. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alikuwa mwepesi wa neno kama alivyokuwa mwepesi wa mguu.

Ikawa mvua zimekosekana miaka miwili mfululizo. Mashamba ya mlimani yalibaki vumbi na mabua. Lusangija alizunguka vijiji vya mashariki kwa miguu kwa siku sita, akaona watu wanachemsha mizizi, akaona mama amekaa nje ya nyumba yake hana hata nguvu za kumwamkia. Alirudi na uchungu, akaita baraza kabla hajanawa miguu.

"Tutashuka," akasema. "Bonde la Nkenda lina udongo mweusi na unyevu haujaisha. Kaya zote za mashariki zihamie kule, zijenge, zilime."

Ngoma ikapigwa.

Kalunde alijua kwamba lile bonde si mahali pa kujenga. Alipokuwa msichana mama yake alimpeleka huko, akamwonyesha migunga iliyoota bondeni. Juu kabisa, mahali ambapo watu watatu wakipandana mabegani ndipo wangefika, matawi yalikuwa yamenasa vijiti na majani makavu ya mto. "Nkenda una njia mbili," mama alimwambia. "Hii unayoiona, na ile ya zamani. Ukame mrefu ukiisha, mto huirudia ya zamani."

Alitaka kuyasema hayo. Lakini Shigela alikuwa ameshaanza: Mtemi amesema vyema, askari watasaidia kubeba mizigo. Wa ghala akasema mbegu zipo. Wa mashauri akasema atagawa viwanja ili watu wasigombane. Zamu ya Kalunde ilipofika, wote wakamtazama, na Mtemi akamtazama kwa macho ya mtu ambaye amepata tumaini baada ya siku nyingi. Kalunde akasema, "Maji ya kunywa yatatosha." Hilo lilikuwa kweli.

Baraza likakutana tena mara mbili kuhusu uhamisho huo, na mara zote mbili alijibu alichoulizwa, basi.

Kalunde alikuwa na mdogo wake, Nyanzala, aliyeolewa upande wa mashariki. Siku ya kuhama Nyanzala alipita kwake akiwa na kinu kichwani na watoto wawili nyuma yake. Akauliza, "Dada, wewe ndiwe unayeujua mto. Kule chini kuna usalama?"

Kalunde alimtua kile kinu, akampa maji. Kisha akasema, "Mtemi ameshasema."

Nyanzala aliridhika. Alikunywa maji, akajitwika kinu chake, akaenda.

Bonde likawapokea vizuri. Mahindi yalichipua kabla ya mwezi kwisha, na watu wakaanza kulitaja jina la Lusangija katika nyimbo za kupalilia. Mwezi wa tatu mvua ikanyesha, tena ikanyesha mbali, kwenye milima ambayo Wasindo huiona tu siku ya anga safi. Bondeni kulikuwa na jua kali. Watu walikuwa mashambani mchana wakipalilia walipousikia mto, wakadhani ni ng'ombe wengi wanakuja. Nkenda uliirudia njia yake ya zamani. Waliokimbilia kilima walipona. Waliorudi nyumbani kuchukua watoto, wengi wao hawakupona.

Walizikwa watu arobaini na watatu. Nyanzala alikuwa mmoja wao, pamoja na mtoto wake mdogo. Yule mkubwa alipatikana juu ya mgunga, akiwa hai, ameshikilia tawi lenye vijiti vikavu.

Matanga yalipoisha, Mtemi aliita baraza. Alikuwa amenyoa nywele na hakuvaa kilemba. Kabla hajaketi, Shigela alisimama. Alisema nchi inalia, na nchi inayolia hutaka kujua sababu. Akasema waziri wa mito ndiye mwenye mto, na mto ndio uliowaua watu. Anyang'anywe kigoda, avushwe mpaka wa Busindo na asirudi.

Lusangija alimgeukia Kalunde, akavuta pumzi ili aseme. Kila mtu alijua kwamba akishasema, ngoma itapigwa, na baada ya ngoma hakuna lililobaki.

"Mtemi," Kalunde akasema, "kabla hujasema."

Mpiga ngoma aliishusha fimbo yake. Hakuwahi kumsikia mtu akisema hivyo.

"Nilijua," Kalunde akasema. "Mama yangu alinionyesha alama za maji juu ya miti. Nilijua siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Mdogo wangu aliniuliza kwa kinywa chake nikamjibu maneno ya baraza. Nikifukuzwa nitakwenda. Ila kwanza waulize hawa wenzangu kama walikuwa hawajui."

Mtemi hakuelewa. Maganga ndiye aliyekohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba wafugaji hawalazi ng'ombe bondeni, hawajawahi, hata mtoto wa mfugaji analijua hilo. Wa ghala na wa mashauri wakainamisha vichwa. Mwisho wakamtazama Shigela. Yule mzee akasema kwamba ujanani aliwahi kupiga kambi kule na jeshi, akaviona vile vijiti mitini, akawahamisha askari wake jioni ileile.

"Basi mlijua wote," Lusangija akasema. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa umeshasema," Kalunde akajibu.

Mtemi alikaa chini. Kalunde hakufukuzwa. Lusangija alitoa amri kwamba tangu siku hiyo kila waziri aseme analolijua bila hofu, na wote wakaitikia.

Lakini amri haikusaidia. Walipokutana tena kuamua waliopona wajengewe wapi, Mtemi akasema, "Mimi naona kilima cha Itundu. Lakini nanyi semeni, tafadhali." Wote watano wakaona kilima cha Itundu. Hata Kalunde alijikuta anatikisa kichwa kukubali, akashtuka. Lusangija aliwatazama mmoja mmoja, akafunga baraza.

Siku ya pili alikuja na shauri jingine. Alisema atanyamaza, na mdogo wao aanze. Maganga akaanza, akasema Itundu hakuna malisho. Mtemi akaguna. Mguno wenyewe ulikuwa mdogo, wa mtu anayefikiri tu, lakini Maganga alipousikia aligeuza maneno palepale, akasema malisho hayo pengine yatapatikana. Mtemi akajiziba mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa, alikuwa ameshaanza kusema.

"Siwezi," akamwambia Kalunde. "Mama Kalunde, neno linanitoka kabla sijalijua."

Kalunde akatoka nje. Akarudi na kibuyu cha maji ya Nkenda, akampa kwa mikono miwili.

"Chukua funda moja, usilimeze mpaka wa mwisho wetu amalize," akasema. "Ukimeza kabla, baraza limekwisha, tunarudi kesho."

Shigela alisema si adabu kumziba Mtemi mdomo kama mtoto anayenyweshwa dawa. Lusangija aliyasikiliza hayo, kisha akapiga funda.

Siku hiyo alimeza mara moja kwa bahati mbaya, wakaenda nyumbani. Kesho yake akameza tena kwa hasira, kwa sababu Maganga alisema uhamisho ule ulikuwa wa haraka, wakaenda nyumbani. Siku ya tatu alivumilia. Maganga alisema malisho hayapo. Kalunde akasema chemchemi ya Itundu hukauka miaka ya ukame. Wa mashauri akasema wenyeji wa pale hawakuulizwa. Wa ghala akataja ardhi ya Mwangoye, iliyo karibu na kisima. Shigela, aliyesema mwisho, alikiri kwamba hata yeye Itundu hakuipenda tangu mwanzo. Ndipo Mtemi akameza, akafuta ndevu, akasema, "Mwangoye." Ngoma ikapigwa baada ya neno hilo, na watu wakajengewa Mwangoye, ambako wajukuu wao wanaishi mpaka leo. Mtoto wa Nyanzala alikulia huko, nyumbani kwa Kalunde.

Na tangu siku hiyo, katika baraza la Busindo, waziri aliye mlangoni ndiye huanza kusema, na ngoma hupigwa mwisho. Waziri wa mito huleta kibuyu, na Mtemi huketi na funda la maji mdomoni, mashavu yamevimba kidogo, asiweze kuguna wala kucheka. Wageni wakimwona hivyo hudhani anaumwa jino. Mtemi wa sasa ni mtu mwenye subira, lakini mwaka jana, waziri wa ghala alipokuwa akieleza jambo kwa urefu, alimeza. Mawaziri walisimama, wakainua vigoda vyao, wakaagana vizuri. Kesho yake asubuhi walirudi, wakaanza upya na mdogo wao.