Ujumbe wa Marehemu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na kichuguu, na mjane, na simu!

Simu ya nani?

Ya marehemu! Sogeeni basi karibu, na wewe unayenirekodi bila ruhusa, zima.

Hapo kale, si kale sana, maana mtandao ulikwishafika porini, alikuwako nguchiro mmoja jina lake Bi Siwema. Kimo chake kifupi, lakini akitembea utadhani nchi yote ni shamba lake. Na alikuwa na haki ya kujivuna. Kichuguu alichokaa walikichimba yeye na mumewe Kitwana kwa kucha zao wenyewe, chumba baada ya chumba, mlango baada ya mlango. Kisha Kitwana akafa. Siwema akalia, akazika, akaanza kukaa eda.

Kaburi halijakauka, pu! pu! pu! akaja Bwana Ngiri, tumbo mbele, meno nje.

"Mimi na marehemu tulichanjiana chale," akatangaza. "Damu yake ni damu yangu. Mimi ni ndugu yake."

Nani angebisha? Wa kumuuliza alikuwa udongoni, na meno ya Ngiri kila mtu aliyaona.

"Shemeji," akasema, "mjane hana nguvu. Nipe kigoda cha marehemu nikutunzie."

Akapewa. Akakikalia, kacha! kikavunjika.

Kesho yake akarudi, pu! pu! pu! "Shemeji, mjane hana nguvu. Nipe mkeka wa marehemu nikutunzie."

Akapewa. Akaulalia, chwaa! ukachanika.

Kesho kutwa akarudi tena. "Shemeji, mjane hana nguvu. Nipe simu ya marehemu nikutunzie, na namba yake ya siri. Arobaini ikifika, ukoo utanichagua kuwa msimamizi wa mirathi. Hapo nitakutunzia na kichuguu."

Siwema akashtuka. Kigoda ni kigoda, na mkeka husukwa mwingine. Lakini ndani ya kichuguu kile walilala wanawe.

"Shemeji," akajibu, kidevu juu, "namba ya siri haina shemeji."

Ngiri akacheka mpaka meno yakagongana. "Tutaonana arobaini."

Alipoondoka, Siwema akaona hofu. Aliwajua ndugu zake. Ukoo wa nguchiro ni wengi, lakini mbele ya meno huwa wanatazama chini. Wakimchagua Ngiri, watoto watalala nje, na jasho la Kitwana litaoga matope na nguruwe pori. Akalia kidogo, akafuta machozi, akaanza kazi.

Kwanza akahamishia kwenye simu yake picha zote zilizokuwa katika simu ya marehemu: za watoto, za harusi, na ile ya cheti cha ndoa. Kule akazifuta, isibaki hata moja. Kisha akabadilisha namba ya siri, akaweka inayoimbika, akaiacha simu kibarazani, akaingia uani, akashika mchi. Twa! twa! twa! Akaimba kwa sauti ya kusikika mbali:

"Moja, moja, moja, moja,
simu ya baba kibarazani!
Angeandika neno moja,
ukoo wote ungeamini!"

Nyuma ya ua, masikio mawili yakasimama. Mara, pu! pu! pu! Siwema akachungulia kibarazani. Simu haipo. Akatabasamu, akaendelea kutwanga.

Siku ya arobaini ukoo ukakusanyika. Wakasoma dua, wakala wali, kikao kikafunguliwa na Shangazi Mwanamtama, mkubwa wa ukoo. Bwana Ngiri akainuka. "Samahanini, nina haja ndogo hapo nyuma."

Mara tu alipotoka, ting! ting! ting! Simu za ukoo mzima zikalia. Shangazi akavaa miwani, akasoma kwenye kundi la ukoo:

"Mimi Kitwana mliyenizika. Kichuguu changu chote nampa ndugu yangu wa chale, Ngiri. Mke wangu ahame leo."

Pu! pu! pu! Ngiri akarudi, macho yanacheka. "Mmesoma? Neno la mwenyewe ndilo hilo!"

Siwema akaruka juu, akapiga kigelegele. "Ndugu zangu, furahini! Mume wangu yu hai!"

"Yu hai?" akauliza Shangazi.

"Si ameandika? Na aliye hai harithiwi. Kikao kimekwisha, Shangazi, waambie watu waende zao."

Ngiri akatoka jasho. "La, la, la! Amekufa! Nimemzika kwa mikono yangu!"

"Amekufa kidogo?"

"Amekufa kabisa!"

"Basi aliyeandika ni nani?"

Ngiri akarudi nyuma hatua moja.

"Tusibishane," akasema Siwema. "Nampigia."

Akapiga. Na chini ya kwapa la Ngiri simu ikalia: ngrii! ngrii! ngrii!

Kitu gani tena! Wale wale waliotazama chini wakainua macho. Shangazi alikuwa wa kwanza kumng'ata kisigino. Simu ikaanguka, Ngiri akatimua mbio, mkia wima, na ndiyo maana hadi leo ngiri akikimbia husimamisha mkia: anatafuta mtandao, amwombe marehemu afute ule ujumbe.

Ukoo ukamchagua Siwema kuwa msimamizi wa mirathi, hakuna aliyepinga. Akapanda juu ya kichuguu chake, wanawe ubavuni, akabadilisha namba ya siri ya ile simu mbele ya watu wote, mkono mmoja ukiifunika. Shangazi akanyoosha shingo achungulie.

"Hata wewe, Shangazi," akasema.

Nami namvulia kofia mjane yule.

Sasa funzo, watoto, mlishike vizuri. Namba yako ya siri usiifiche. Itwangie na uiimbie, hasa mwenye tamaa akiwa nyuma ya ua. Na mtu asipokuandikia ujumbe baada ya mazishi, usiamini kwamba amekufa.

Hadithi yangu imebisha hodi, mmeifungulia, imekula, imeshiba, inakwenda zake. Utamu wake gawaneni kwa haki, wajane kwanza. Uchungu wake mpelekeeni Ngiri, awatunzie.