Ndoo Iliyolia Kabla ya Zamu

Niapie kwanza kuwa hili halitoki mdomoni mwako. Umeapa? Na mimi niliapa hivyohivyo, na bado nakwambia.

Mama mmoja, Bi Mwanamize, alikuwa na wakamwana watatu, wake wa wanawe, na macho yaliyokwisha kufa. Homa ilimwachia giza uzeeni. Mwanawe mkubwa, Kheri, akasema wazi: asipoweza kwenda kisimani peke yake akatawadha, atahamishiwa kwa kaka yake mama huko mbali, na funguo za nyumba atashika Riziki, mke wa huyo Kheri. Nyumba yenyewe mama aliikandika kwa mikono yake. Kutolewa humo kwake kulikuwa kuzikwa.

Basi wakamwana wakagawana njia. Mkasi alikaa bandani kwa kuku na kifuu chake, Mwanakombo kinuni na mwiko, Riziki kisimani na ndoo ya bati. Mama akipita, kila mmoja aligonga kwa zamu yake, ajue amefika wapi. Na akilala, waligonga tena vyumbani mwao ili njia imkae kichwani, kwa sauti ya chini lakini upesi upesi, kifuu, mwiko, ndoo, safari nzima ikaisha kabla hajageuka ubavu. Kuta za udongo hazizuii kitu, za nyumba ile hasa, uliza jirani. Miguu ya mama ilitikisika kitandani, na asubuhi ilikwenda bila kuuliza.

Kisha akaanza kupotea. Akitoka bandani anakwenda moja kwa moja kisimani bila kukizunguka kinu, anajigonga nacho, anaanguka. Watu wakasema uzee. Nami nilisema, tena kwa kelele. Riziki ndiye aliyekuwa akimnyanyua, akimpaka mafuta magoti, akilia kuliko wote. Mchana hakuna aliyemkuta nje ya mahali pake. Lakini mama akishalala, ndoo ilisikika kabla ya mwiko, na Mwanakombo, maskini, akajilaumu kuwa yeye ndiye mzembe aliyechelewa.

Siku ya kumjaribu ikafika. Ukoo ukaketi barazani. Mama, baada ya chakula, akaomba ajinyooshe kidogo, kisha atembee mbele yao. Wakanyamaza asiamke. Huko ndani kifuu kikalia. Kikafuata kishindo cha ndoo. Miguu ikageuka kitandani, na mama, yumo usingizini, akasema kama mtoto aliyepotea sokoni:

"Mbona nimefika kisimani, na kinu sijakipita?"

Kheri akavuta pazia la chumba cha mkewe. Riziki alikuwa amepiga magoti ukutani, ndoo kaikumbatia, kidole kimekunjwa tayari kugonga tena. Watu wote walimwona. Hakupata hata pa kuiweka ile ndoo. Mama alipoamka na kuambiwa, akageukia ukuta, na kisimani hakwenda tena.

Nasikia ndani ya kichwa chako wewe nawe wamo wagongaji kama hao, hugonga unapotembea, wakarudia upesi unapolala. Mchana kila mmoja yuko mahali pake. Ukishafumba macho, unamjua anayegonga kabla ya zamu yake?