Tunu Hakugeuka

Sogeeni, na anayeujua wimbo huu asinisaidie kuuimba, maana leo hatuimbi, leo tunahukumu. Mimi shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, lakini kwa masikio sijaona profesa wa kunifikia. Nami nasema mbele ya kadamnasi: "Tunu Geuka" ni wimbo wa kawaida. Wa kawaida kama uji. Wanaotaka kunipiga wasubiri nimalize.

Pale Kilosa palikuwa na watu wanne, kila mmoja na kipaji chake. Mkude alikuwa na maneno. Angeweza kumsifu kuku mpaka kuku akaona haya. Lugendo alikuwa na vidole. Akigusa gitaa la solo, hata mfiwa alitikisa kisigino. Kisiki hakujua kuimba wala kupiga, ila alikuwa na kalamu isiyochoka. Ndiye aliyekuwa mtuma salamu mkubwa wa redio, mmoja wa wale wanaojaza majina ya jamaa na marafiki kwenye kadi, na chini kabisa wanachagua wimbo. Na Tunu? Tunu alikuwa na shingo.

Siku moja Mkude alimwona Tunu stesheni akisubiri treni, amempa mgongo. Akamwita. Hakugeuka. Akamwita tena kwa sauti ya kubembeleza, hakugeuka. Treni ikamchukua. Mkude akarudi nyumbani na kidonda cha moyo na beti mbili, akazipeleka kwenye bendi yao, Chemchem Jazi, ya Mzee Chande. Bila Mkude pasingekuwa na wimbo.

Siku ya kurekodi redioni, bendi zilikuwa zimepanga foleni nje na fundi mitambo kasema hakuna kurudia. Mkude akaimba ubeti wa kwanza vizuri. Wa pili ukampotea. Akabaki kinywa wazi kama samaki kwenye tenga. Lugendo akaona. Akaingiza gitaa pale palipokuwa pa maneno, akalichekesha, akaliliza, mpaka Mkude akapata upenyo wa kuurudia ubeti ule ule wa kwanza. Kwa hiyo hicho mnachokiita kito kina ubeti mmoja, ulioimbwa mara mbili na mtu aliyesahau. Mkikata viuno harusini, mnakatia pengo. Lakini bila Lugendo pasingekuwa na wimbo.

Nao ungefia kabatini huko huko redioni kama si Kisiki. Kila kadi aliyotuma, ya Idi, ya Pasaka, ya mvua kuchelewa, chini yake aliandika: naomba "Tunu Geuka". Watangazaji wakauzoea, wasikilizaji wakauzoea, maharusi wakauzoea. Kizazi kikakua kinaamini ndio wimbo mzuri kuliko zote, kama mtu anavyoamini maji ya kisima cha kwao ndiyo matamu. Bila Kisiki, haya, mnajua wenyewe.

Basi Mzee Chande akafariki. Wasia wake ulikuwa mfupi: gitaa la bendi, lile lililopigwa siku ile, apewe "aliyeukuza wimbo wetu". Jina hakutaja. Viongozi wa bendi ndivyo walivyo, hata wakifa wanaacha watu wanagombana.

Siku ya arobaini, baada ya hitma na pilau, binti yake Hidaya akalitoa gitaa, akaliegemeza ukutani. Mimi nilikuwepo, tena nimekaa karibu na sufuria, kwa hiyo sikukosa neno.

"Hilo ni langu," akasema Mkude. "Bila maneno yangu mngecheza nini? Nitalitundika sebuleni, wajukuu wajue babu yao alikuwa mtu."

"Maneno yapi, kaka?" akauliza Lugendo. "Yale uliyoyasahau?"

Wakacheka mpaka wa jikoni. Lugendo hakucheka. "Mimi gitaa langu liliuzwa mke wangu alipolazwa. Sasa napiga la kuazima, na mwenyewe akilitaka, sisi nyumbani tunalala njaa. Nikipewa hili naurekodi wimbo upya, usikike nchi nzima."

Kisiki akakohoa. "Usikike kwa kadi za nani? Aliyeukuza ni mimi, gitaa ni langu. Ngoja niwaambie, jamaa zangu. Wimbo huu sijawahi kuupenda. Unaanza vizuri, halafu unazunguka palepale kama ngamia anayezungusha kinu cha mafuta."

"Kumbe ulikuwa unatuonea huruma?" Mkude akafura.

"Nilikuwa nauonea huruma mji. Kila mji ulikuwa na wimbo wake redioni, sisi tulikuwa na huo tu. Ningeomba upi?"

Ndipo ikasikika sauti kutoka upande wa akina mama. "Hidaya mwanangu, lilete huku."

Alikuwa Bi Tunu mwenyewe, kanga begani.

"Wewe Tunu umefanya nini kwenye wimbo huu?" akauliza Mkude.

"Sikugeuka. Ningegeuka ungepata mchumba. Wimbo ungeupata wapi?"

Hapo hata mimi niliacha kutafuna.

"Siku ile nilikuwa nakwenda Dodoma kumzika mama," akasema. "Nilikuwa nalia, sikutaka mtu aone. Ninyi mkayageuza ngoma ya kucheza. Mpaka leo sinunui nyanya bila kijana kuniambia nigeuke. Nikilipata gitaa hilo nalilaza uvunguni, na wimbo ulale nalo."

"Dada," akasema Lugendo taratibu, "ukilifungia hilo umezima na jiko langu."

"Najua, kaka. Na wewe ukilipiga, unanirudisha stesheni."

Hakuna aliyewatenganisha, maana hakuna aliyekuwa mwongo.

Hidaya akalichukua gitaa, akalipakata. "Baba kaniachia nimtafute aliyeukuza wimbo," akasema. "Hakuniambia kama wimbo wenyewe ulistahili kukuzwa."

Mimi msimamo wangu mmeusikia, na sitoi hata nukta. Lakini wimbo wa kawaida nao una wenyewe, na gitaa ni moja. Yuko aliyelia, jeraha lake likaimbwa na wengine. Yuko aliyeliimba asilolijua. Yuko aliyeziba pengo, na leo ana njaa. Yuko aliyeutangaza kwa mapenzi ya mji, bila kuupenda. Hidaya anawatazama, mkono ameuweka juu ya nyuzi zisilie.

Haya wewe uliyekaa hapo kimya: ungekuwa Hidaya, ungelipeleka gitaa upande wa nani?